Kuchomoza, Utosini na Kuchwa: Istilahi za Kiswahili katika Kutabiri na Kuangalia Mipito ya Setilaiti kwa Programu za Kompyuta

Ikisiri

Programu za kufuatilia setilaiti humwezesha mtu mwenye kompyuta au simu kujua ni lini, na upande gani wa anga, setilaiti itapita juu ya mahali alipo. Anayetaka kufundisha matumizi yake kwa Kiswahili hukutana na tatizo ambalo si uhaba wa maneno, bali wingi wa maana: maneno mengi yanayoelekea kufaa hubeba dhana mbili ndani ya uwanja huohuo mmoja. Makala hii inaeleza namna programu hizo zinavyofanya kazi, inabainisha mahali ambapo utata wa neno humpotosha mwangalizi, na inapendekeza istilahi zinazoweza kutumika bila kukanganya. Hoja kuu ni kwamba katika uwanja huu kosa la istilahi hujidhihirisha palepale: mwanafunzi hutoka nje, hutazama juu, na haoni kitu.

1.0 Utangulizi

Kiswahili kilifika angani mapema. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha miaka saba ya uhuru wa Kenya, roketi ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco lililokuwa baharini karibu na Malindi, ikibeba setilaiti ya Marekani iliyopewa jina la Uhuru. Hiyo ndiyo setilaiti ya kwanza duniani kutengwa mahsusi kwa ajili ya kuchunguza mionzi ya eksirei kutoka kwenye nyota. Tangu wakati huo nchi za ukanda huu zimekuwa na vyombo vyao wenyewe. Setilaiti ndogo ya kwanza ya Kenya, 1KUNS-PF, iliachiwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu mwezi Mei 2018. RWASAT-1 ya Rwanda ilifuata Novemba 2019, na PearlAfricaSat-1 ya Uganda Desemba 2022. Taifa-1 ya Kenya ilirushwa kutoka Marekani tarehe 15 Aprili 2023.

Majina ni ya nyumbani, lakini maelezo ya namna ya kuvifuatilia vyombo hivyo kwa kawaida hutolewa kwa lugha nyingine. Programu kama Gpredict, Orbitron na Stellarium, pamoja na tovuti ya Heavens-Above, hutoa jedwali la mipito kwa muda mfupi. Mwalimu wa sekondari anayelifasiri jedwali hilo kwa wanafunzi wake hulazimika kuchagua maneno papo hapo. Uchaguzi huo ndio unaochunguzwa hapa, kwa kuzingatia kanuni inayojulikana tangu kazi za Eugen Wüster katika nadharia ya istilahi: ndani ya uwanja mmoja, dhana moja iwe na istilahi moja, na istilahi moja iwe na dhana moja.

2.0 Jinsi Programu Inavyotabiri Mpito

2.1 Data ya obiti

Programu haiioni setilaiti. Inachofanya ni kukokotoa mahali inapopaswa kuwa. Ili ikokotoe, huhitaji maelezo ya obiti, na maelezo hayo husambazwa katika muundo wa mistari miwili, kila mstari ukiwa na herufi na tarakimu zinazojaza nafasi 69. Ndani yake mna namba ya setilaiti katika orodha ya Marekani ya vyombo vya angani (Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu ni namba 25544), tarehe na wakati data ilipokokotolewa, mwinamo wa obiti kulinganisha na ikweta, kiasi cha kuwa duara au yai, na idadi ya mizunguko kwa siku.

Neno la kwanza la kuamuliwa ni lile la njia yenyewe. Baadhi ya maandishi hutumia mzingo. Hata hivyo, katika somo la hisabati mzingo ni jumla ya urefu wa kingo za umbo, na kwa duara ni urefu wa mstari unaolizunguka. Sentensi kama “mzingo wa setilaiti una urefu wa kilomita fulani” inaweza basi kueleweka kwa namna mbili. Neno obiti, ingawa limekopwa, halina mshindani wa maana, na ndilo linalopendekezwa.

2.2 Ukokotoaji na uzee wa data

Data hiyo hupitishwa katika kanuni za kihisabati ziitwazo SGP4, zilizochapishwa mwaka 1980 pamoja na msimbo wake wa kompyuta. Kanuni hizo huzingatia kwamba dunia si tufe kamili, bali imevimba kidogo ikwetani, na kwamba hewa nyembamba iliyobaki huko juu huivuta setilaiti nyuma. Matokeo huwa sahihi kwa kiasi cha kilomita moja hivi wakati data ikiwa mpya, kisha kosa hukua kadiri siku zinavyopita. Sababu kuu, kwa setilaiti za kimo cha chini, ni kwamba msuguano wa hewa hubadilika kufuatana na hali ya jua. Mfano mashuhuri ni wa Februari 2022: dhoruba ya sumaku iliyotokana na jua iliifanya hewa ya juu kutanuka, na hadi setilaiti 40 kati ya 49 za Starlink zilizokuwa zimerushwa pamoja zikapotea. Zaidi ya hayo, Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu husukumwa juu mara kwa mara kwa injini, na programu haiwezi kulijua hilo mpaka ipewe data mpya.

Hivyo kanuni ya kwanza ya matumizi ni kuhuisha data kabla ya kutabiri. Mwanafunzi aambiwe wazi kwamba utabiri wa programu si sawa na ratiba ya basi, bali ni hesabu inayozeeka.

2.3 Mahali pa mwangalizi

Mpito hauna maana bila mahali. Mtumiaji huingiza latitudo, longitudo na urefu wa mahali kutoka usawa wa bahari. Kosa la kawaida ni kusahau alama ya kusini. Dar es Salaam ipo karibu nyuzi 6.8 kusini mwa ikweta. Alama hiyo ikiachwa, programu humhamishia mwangalizi kaskazini mwa ikweta kwa zaidi ya kilomita 1,500, na jedwali lote huwa la mtu mwingine.

Mahali na mwinamo wa obiti huamua kwa pamoja nani ataona nini. Setilaiti ya Uhuru ilikuwa na mwinamo wa nyuzi 3 tu. Iliambaa na ikweta, ikarudi juu ya pwani ya Malindi kila baada ya dakika mia moja hivi, na haikuweza kamwe kuchomoza katika anga ya London. Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu kina mwinamo wa nyuzi 51.6, hivyo huonekana kutoka sehemu nyingi zinazokaliwa na watu. Huizunguka dunia kwa dakika 93 hivi. Katika muda huo dunia nayo huwa imezunguka nyuzi 23, na kwa hiyo mzunguko unaofuata hupita magharibi zaidi. Kikikatiza juu ya Dar es Salaam sasa, mara inayofuata kitapita karibu na longitudo ya Kinshasa, na mwangalizi wa Dar es Salaam atakikuta chini kabisa upeoni au asikione.

3.0 Kusoma Jedwali la Mipito

3.1 Mpito na ukatizaji

Mpito ni kipindi chote ambacho setilaiti iko juu ya upeo wa mwangalizi. Neno hili limezoeleka katika siasa, kama katika “serikali ya mpito”, lakini uwanja huo uko mbali na hauleti mkanganyo. Mkanganyo unaweza kutoka karibu zaidi, kwa kuwa baadhi ya programu hutabiri pia tukio ambalo setilaiti huonekana ikipita mbele ya uso wa jua au mwezi, kwa muda usiofika hata sekunde mbili. Tukio hilo nalo likiitwa mpito, dhana mbili zitakuwa zimevaa neno moja. Linapendekezwa kuitwa ukatizaji.

3.2 Kuchomoza na kuchwa

Kwenye skrini, mwanzo wa mpito huandikwa kwa herufi AOS na mwisho wake LOS. Kwa mwanzo, kitenzi kuchomoza hakina shida. Ugumu upo kwenye mwisho. Kutua hutumika kwa jua, lakini pia kwa ndege. Mtu akisikia kwamba “setilaiti imetua saa mbili kasoro robo” ana haki ya kudhani imeshuka ardhini. Kuzama hutumika vilevile kwa jua, lakini setilaiti zilizokwisha kazi huelekezwa mara nyingi baharini, na “imezama” inaweza kuwa habari ya kweli ya aina nyingine kabisa. Kutoweka nako hakutoshi, kwa sababu setilaiti inaweza kutoweka machoni ikiwa bado juu angani, kama itakavyoelezwa katika sehemu ya 5.0.

Kinachobaki ni kuchwa, kitenzi ambacho Kiswahili kimekihifadhi kwa ajili ya jua na siku peke yake. Jozi ya kuchomoza na kuchwa ni fupi, ya asili na haina maana nyingine ndani ya uwanja huu. Pamoja nayo huja nomino mawio na machweo, zinazoweza kutumiwa mradi zifuatwe na “ya setilaiti”.

Jozi hii inadai tahadhari moja. Setilaiti nyingi, kikiwamo Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, huizunguka dunia kuelekea mashariki kwa kasi kuliko dunia yenyewe inavyojizungusha. Kwa hiyo huchomoza upande wa magharibi na kuchwa upande wa mashariki. Katika jamii ambamo jua kuchomoza magharibi hujulikana kama moja ya dalili za Kiyama, sentensi hiyo haipiti sikioni kimyakimya. Mwalimu asiikwepe. Aitumie kueleza kwamba mwendo wa jua angani hutokana na kuzunguka kwa dunia, ilhali mwendo wa setilaiti ni wake wenyewe.

3.3 Kimo, pembe ya mwinuko na pembe ya dira

Programu huonyesha kwa wakati mmoja urefu wa setilaiti kutoka usawa wa bahari, kwa kilomita, na pembe iliyopo kati ya upeo na setilaiti, kwa nyuzi. Katika jiografia mwinuko ni urefu wa ardhi kutoka usawa wa bahari. Likitumiwa peke yake hapa, neno hilo litavuta dhana zote mbili. Inapendekezwa kimo kiwe cha kilomita, na pembe ya mwinuko iwe ya nyuzi, bila kamwe kuliacha neno pembe. “Kimo 420” na “pembe ya mwinuko 42” haviwezi kuchanganywa.

Pembe ya dira huhesabiwa kutoka kaskazini kwa kufuata mwelekeo wa akrabu za saa: 0 ni kaskazini, 90 mashariki, 180 kusini na 270 magharibi. Neno la kimataifa la pembe hii lina asili ya Kiarabu, kutoka neno lenye maana ya mwelekeo. Lakini kwa msomaji wa leo dira inaeleweka bila maelezo. Neno la kimataifa la kilele cha anga, yaani nyuzi 90, nalo lilitokana na usemi wa Kiarabu wenye maana ya mwelekeo wa kichwa. Kiswahili kilikwisha kufika hapo kwa njia yake: kinasema jua la utosi. Mpito unaofika nyuzi 90 ni mpito wa utosini.

Pembe ya juu kabisa ya mpito ndiyo kipimo cha kwanza cha thamani yake. Mpito wa utosini wa Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu huchukua dakika kumi hivi toka upeo hadi upeo, na dakika sita tu ikiwa nyumba, miti na vilima vimeficha nyuzi kumi za chini. Mpito ambao kilele chake ni chini ya nyuzi kumi haufai kutangazwa kwa darasa la mjini.

4.0 Tatizo la Saa

Hakuna mahali ambapo jedwali la mipito hukutana na lugha kwa kishindo kama kwenye safu ya saa. Programu nyingi huonyesha, hasa zisiporekebishwa, saa za ulimwengu, yaani UTC. Tuchukulie kwamba jedwali linaonyesha setilaiti ikichomoza saa 16:04. Msomaji wa Kiswahili aliyezoea kuigeuza 16 kuwa saa kumi atatoka nje saa kumi na dakika nne alasiri, jua likiwa kali, na hataona chochote. Ukweli ni kwamba Dar es Salaam, Nairobi na Kampala ziko saa tatu mbele ya saa za ulimwengu. Mpito huo ni wa 19:04 kwa saa za hapo, yaani saa moja na dakika nne usiku.

Kugeuza saa kuna hatua mbili, na kila moja ina jina lake. Ya kwanza ni kuhamisha ukanda: kuongeza saa tatu kwa Tanzania, Kenya na Uganda, au saa mbili kwa Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo. Ya pili ni kuhamisha hesabu: kutoka hesabu inayoanzia usiku wa manane kwenda hesabu ya Kiswahili inayoanzia mapambazuko na machweo, kwa kupunguza saa sita na, panapohitajika, kuongeza kumi na mbili. Mwangalizi wa Bujumbura, kwa jedwali lilelile, atapata 18:04, yaani saa kumi na mbili na dakika nne jioni. Anayeruka hatua moja hukosa mpito kwa saa kadhaa, wakati mpito wenyewe ni wa dakika sita.

Tarehe nayo ina mtego wake. Siku ya saa za ulimwengu hugeuka saa tisa usiku kwa Afrika Mashariki. Mpito ulioandikwa 23:40 ya tarehe 7 hutokea Nairobi saa nane na dakika arobaini usiku, tarehe 8. Isitoshe, katika mazoea ya pwani usiku hutangulia mchana wake, kiasi kwamba “usiku wa Ijumaa” kwa wengi ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa. Matangazo kwa wanafunzi yataje usiku kwa pande zote mbili: usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa.

5.0 Kuonekana kwa Macho

Setilaiti kuwa juu ya upeo si sawa na kuonekana. Haina taa ya kumulika dunia, bali huakisi mwanga wa jua. Masharti ni mawili na yanaelekea kupingana: mwangalizi awe gizani, na setilaiti iwe juani. Masharti hayo hukutana baada ya machweo na kabla ya mapambazuko tu.

Kwa chombo cha kimo cha kilomita 400 kilicho utosini, kivuli cha dunia hukifikia jua linapokuwa nyuzi 20 hivi chini ya upeo. Karibu na ikweta, ambako jua hushuka karibu wima, hilo hutokea dakika 80 hivi baada ya machweo. Ukiondoa dakika 25 za mwanzo ambapo anga bado ina mwanga, hubaki muda usiofika saa nzima. Hali ni tofauti kaskazini ya mbali: London mwezi Juni jua halishuki kiasi hicho usiku kucha, na mipito yote ya utosini inaweza kuonekana. Miongozo iliyoandikwa kwa ajili ya huko humpa mwangalizi wa Mombasa matumaini yasiyo yake.

Mara nyingi mpito huanza juani na kumalizikia kivulini. Nukta hiyo angavu, ambayo huweza kung’aa kama Zuhura na haipepesi kama taa za ndege, hufifia ndani ya sekunde chache na kwisha ikiwa bado juu. Kitendo hicho kinapaswa kuitwa kuingia kivulini, tofauti na kuchwa. Programu huonyesha nyakati zote mbili, na mwanafunzi aliyeambiwa tofauti yake hatadhani kwamba wingu limemdhulumu.

6.0 Kusikiliza

Setilaiti inaweza kusikika hata mchana. Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu hutumia megahezi 145.800 kwa mawasiliano ya redio ya ridhaa. Hapa neno masafa huleta utata wa mwisho, kwani ni umbali (“mbio za masafa marefu”) na ni mahali kituo kinaposikika kwenye redio. Skrini huonyesha yote mawili. Umbali wa Kituo ni kilomita 2,300 hivi kinapochomoza na 400 hivi kikiwa utosini. Wakati huohuo mawimbi yake husikika juu kidogo ya 145.800 kikikaribia, na chini kidogo kikienda, kwa tofauti ya kilohezi tatu na nusu hivi kila upande. Hilo ni tokeo la Doppler, lilelile linaloshusha sauti ya king’ora gari la wagonjwa linapotupita. Inapendekezwa umbali utumike kwa kilomita, na masafa ya redio, kwa ukamilifu wake, kwa hezi.

7.0 Hitimisho

Istilahi zilizopendekezwa ni obiti, mpito, ukatizaji, kuchomoza, kuchwa, kimo, pembe ya mwinuko, pembe ya dira, utosini, kuingia kivulini, umbali na masafa ya redio. Nyingi ni maneno ambayo lugha inayo tayari. Kilichohitajika ni kuyawekea mipaka. Lililo gumu zaidi, saa, si istilahi bali ni desturi, na dawa yake ni kufundisha hatua mbili za kugeuza badala ya kuitupa hesabu ya Kiswahili.

Vyombo kama BAKITA na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki vina nafasi ya kuzilinganisha istilahi hizi ili kitabu cha Kigali na cha Dar es Salaam visipingane. Kipimo chake kipo wazi kuliko vipimo vingi vya istilahi. Maelezo yaandikwe kwa Kiswahili, mwanafunzi apewe peke yake bila mwalimu wa kumfasiria, kisha aachwe atoke nje kwa wakati alioukokotoa. Nukta ikichomoza pale alipoelekeza macho, istilahi zimefaa.